Droo ya Chini, Kabati la Tatu

Siku tuliyomzika Bwana Ndekirwa nilitoka Njoro, mjini, asubuhi na mapema, nikiwa na kitenge kipya na hasira. Taarifa ya msiba ilinifikia kwenye kundi la simu, katikati ya mtu anayeuza kuku wa kienyeji na picha za keki ya ubatizo, na kwangu mtu aliyenifundisha kazi hastahili kutangazwa kati ya kuku na keki. Nilipofika kwenye kihamba chake, shamba la migomba linalozunguka nyumba, juu ya Kwa Sadala, wanawake walikuwa wamekaa kwenye mikeka wakimenya ndizi za machalari. Nikasalimia, nikapewa kisu, nikakaa nao. Sijamaliza chane moja nikaguswa begani. Alikuwa Tumaini, binti mkubwa wa marehemu, ambaye nilimfahamu akiwa anabebwa mgongoni na sasa ana mvi kunizidi. "Shikamoo, shangazi Sifaeli," akasema. "Njoo ndani kidogo. Kuna kitu cha Baba nataka ukione kabla ibada haijaanza."

Chumba cha Bwana Ndekirwa kilikuwa kama yeye mwenyewe: kitanda kilichotandikwa kwa mistari iliyonyooka, Biblia, miwani, buti za mpira zimesimamishwa sambamba ukutani. Na kando ya kitanda, mahali ambapo watu wengine huweka meza ndogo ya taa, lilisimama kabati la chuma la mafaili lenye droo nne. Nikalitambua papo hapo, maana picha zake nilizichora mimi. Droo ya juu ilichorwa mashine ya kusaga inayocheka kwa meno ya njano. Ya pili, jogoo mwekundu ambaye kishikio cha droo ndicho mdomo wake. Ya tatu, mgomba uliozaa ndizi za bluu, kwa sababu njano ilikuwa imeniishia. Na droo ya chini ilikuwa na jani moja refu la kijani, lililofungwa fundo. Ukilitazama kwa ubavu, mwanga wa dirisha ukilipiga, unaona chini ya rangi umbo la mkia uliojikunja. "Nilidhani yaliuzwa chuma chakavu," nikasema. "Matatu yaliuzwa," Tumaini akajibu. "Hili alilinunua mwenyewe siku ofisi ilipohamia kwenye kompyuta. Nimetaka kulipaka rangi mpya mara ngapi, ananifukuza chumbani. Humo ndani kuna kitu chako. Ila kwanza niambie habari yake, maana Baba alikuwa akinieleza nusu, halafu anaulizia chai." Basi tukakaa kitandani, nikamweleza kama ninavyoeleza hapa.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na mmoja. Ya nyumbani kwetu nayaacha, kila mtu ana ya kwao. Itoshe kusema kwamba nilikuwa nimekaa miezi minane kwa fundi wa mabango pale Njoro, mzee aitwaye Fundi Saidi, nikijifunza kuandika "Bucha" na "Saluni" bila herufi kuteleza, nilipopata kibarua cha ukarani katika ofisi ya mifugo mlimani. Kilikuwa kibarua cha mwaka mmoja wa majaribio. Mwisho wa mwaka Bwana Ndekirwa, ambaye kila mtu alimwita Bwana Mifugo, angeandika barua moja tu: ama niajiriwe, ama nirudi mjini. Nilikitaka kibarua kile mpaka nikawa naota nimepewa ufunguo wa ofisi. Mimi ni Mchagga wa mjini, Kichagga changu kilikuwa cha kula na cha kugombezwa, lakini nilijiona naijua dunia yote.

Ofisi ilikuwa chumba kimoja chenye sakafu ya saruji, harufu ya dawa ya kuoshea kwato na maziwa yaliyoganda kwenye viatu vya watu. Pembeni ulikaa mtungi wa baridi ulioficha mirija ya mbegu za madume ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuyaona. Kazi yenyewe ilikuwa kupandisha ng'ombe kwa mrija, na kazi hiyo haisubiri mtu. Ng'ombe akianza kuita, yaani akilia na kuhangaika akitaka dume, una muda usiofika siku moja. Ukikupita, unasubiri siku ishirini na moja nyingine ukimlisha ng'ombe asiye na mimba. Na Bwana Mifugo hagusi ng'ombe bila kadi. Kadi ndiyo inayosema ng'ombe huyu alizaliwa na mbegu ya dume gani, ili asije akapandishwa na baba yake mzazi. Kadi hizo zilikaa kwenye makabati manne ya chuma, ya kijivu, yenye kutu miguuni, yamepangwa kwa herufi za ukoo. Sasa wewe fikiria. Unapanga watu kwa ukoo kwenye mteremko ambao nusu ni Mushi na nusu iliyobaki ni Massawe na Munisi! Kabati la kwanza lilikuwa na herufi kumi na mbili na nafasi ya kulaza mtoto. Makabati mengine yote yalikuwa M. Juu ya hapo, kadi iliandikwa jina la mwenye kihamba, mara nyingi mkwe aliyekwisha kufa, wakati anayemkatia ng'ombe majani, anayemkamua na anayemjua kwa sauti ni mwanamke ambaye jina lake halimo popote.

Nilipanga chumba kwa mwanamke wa aina hiyo hiyo, Mama Aminieli, mjane wa miaka hamsini hivi, mfupi, mwenye mikono ya mtu anayefunga mizigo ya majani kila siku. Chumba changu na jiko lake vilitenganishwa na mbao tu, kwa hiyo nilisikia yote na kunusa yote. Jioni alinipa kiburu, ndizi na maharage vilivyopondwa pamoja na chumvi ya magadi, kwenye bakuli la bluu lililobanduka ukingo, na kwa miezi miwili ya kwanza alinisimamia mpaka nimalize. "Kula, mtoto wa mjini," alikuwa akisema. "Karani mwembamba ataangukiwa na makabati." Hakuwahi kwenda shule hata siku moja, lakini alijua kila tone la maji ya mfongo, ule mfereji wa kumwagilia unaopita kihamba hadi kihamba: nani anafungua kwanza, nani anafuata, nani anaiba.

Asubuhi moja alifika ofisini mbio, majani bado yako kichwani. "Nyota anaita," akasema. Bwana Mifugo akachukua kalamu. "Kadi ya nani?" "Ya Nyota." "Nyota ni ng'ombe, mama. Mwenye kadi ni nani?" "Sasa Bwana Mifugo, kama kadi ni ya ng'ombe, mwenyewe si ndiye ng'ombe?" Nilicheka, nikatazamwa, nikanyamaza. Tukaanza kutafuta. Mushi yupi? Mushi wa juu au wa bondeni? Tulitoa M zote mezani, tukatafuta mpaka jua likapita paa, na Mama Aminieli amesimama mlangoni akisikiliza Nyota analia kule nyumbani, maana si mbali. Bila kadi, Bwana Mifugo alikataa katakata. Kadi niliipata kesho yake, chini ya jina la babamkwe wa Mama Aminieli, mtu aliyezikwa kabla mimi sijazaliwa. Nyota alikuwa amekwisha kunyamaza. Usiku ule na usiku uliofuata Mama Aminieli hakulalamika hata neno, akanipakulia kiburu kama kawaida, na ukimya ule uliniuma kuliko matusi. Nikaapa moyoni kwamba haitatokea tena.

Nafasi ilikuja yenyewe. Mvua za masika zilipokatika, Bwana Mifugo aliitwa kozi ya wiki tatu Morogoro. Kabla ya kuondoka aliweka kopo kubwa la rangi mezani. "Makabati yana kutu," akasema. "Nikirudi nikute yamepakwa." Ilikuwa kijivu. Alipopotea kwenye kona, nilibeba kopo lile mpaka Njoro kwa Fundi Saidi, nikamwomba tubadilishane. Aliinua mfuniko, akatazama, akafunika haraka kama mtu aliyekuta chura. "Kijivu hiki nitapaka geti la mtu asiyependa wageni," akasema, akanipa mabaki ya mabango yake yote: nyekundu ya bucha, njano ya hoteli, bluu ya shule ya watoto, kijani, nyeupe, nyeusi, na makopo mawili ya rangi ya kwanza ya kuzuia kutu. Nilirudi mlimani nimechafuka mpaka nyusi, na sijawahi kuwa na furaha namna ile tena mpaka nilipozaa.

Nilitoa makabati nje barazani, nikayasugua kwa msasa mpaka kutu ikaisha na mikono ikaota malengelenge, nikayafuta kwa mafuta ya taa, nikapaka rangi ya kwanza. Halafu nikaanza mchezo. Droo kumi na sita, vitongoji kumi na sita, kila kitongoji picha yake. Wanawake waliokuwa wanapita na ndoo za maziwa walisimama kutazama, kisha wakasimama kutoa amri. Wa kanisani wakataka kengele. Wa mashineni wakataka mashine ya kusaga, na mimi nikaiongezea meno. Wa bondeni walipopewa chura walinuna siku mbili, nikawabadilishia jogoo, wakaleta mayai. "Huyo jogoo mnenepeshe kidogo," mmoja aliniambia. "Watu watasema bondeni tuna njaa." Ndani ya kila droo nilitupa herufi zote, nikapanga kadi kwa kufuata mfongo: nyumba inayopata maji kwanza ndiyo kadi ya kwanza, inayofuata ya pili, mpaka mwisho wa mfereji. Wao ndio walionipangia. Mwanamke asiyejua kusoma alitia mkono kwenye droo ya kengele, akahesabu kwa vidole, "Kwa Ndeshi, kwa Aisia, kwangu," akatoa kadi ya ng'ombe wake, akaipunga hewani, na baraza zima likapiga vigelegele. Nimepaka mambo mengi tangu siku ile, mengine ya fedha nzuri, na bado vigelegele vile ndiyo malipo ninayoyakumbuka.

Droo ya mwisho niliificha. Ilikuwa ya kitongoji cha Mama Aminieli, kabati la tatu, droo ya chini, na nilitaka kumshangaza. Kwenye ua wake alikaa kinyonga mmoja niliyekuwa nikimtazama kila asubuhi nikipiga mswaki, nikistaajabia anavyobadilika. Nikamchora yeye, mkubwa, mkia umejikunja, mgongoni nimempaka kila rangi iliyobaki kwenye makopo. Ilikuwa kazi yangu nzuri kuliko zote. Mtoto yeyote aliyekulia mlimani angenishika mkono akaniambia hapana, dada, kinyonga ni mkosi, kinyonga hasogezwi karibu na kitu chenye mimba. Lakini mimi nilikulia mjini, na nilikuwa nimefunika droo kwa gunia ili nisiulizwe na mtu. Nyota, aliyepandishwa siku alipoita tena, wakati huo alikuwa na mimba ya miezi mitatu.

Nilipovuta gunia, Mama Aminieli alifunika mdomo kwa kiganja. Akaitazama droo, akanitazama mimi, akainama, akachukua kadi ya Nyota, akaitia kifuani na kuondoka. Jioni sikuitwa kula. Bakuli la bluu nililikuta limewekwa nje ya mlango wangu, limefunikwa kwa jani la mgomba, kama chakula cha mtu mwenye ndui. Kupitia mbao nikawasikia wanawake wa kitongoji wamejaa jikoni. "Kinyonga huenda mbele na kurudi nyuma," mmoja alikuwa akisema. "Ndama atafanya hivyo hivyo mlangoni mwa mama yake." Mwingine akasema, "Yule msichana ana nini na sisi?" Na Mama Aminieli, kwa sauti ya uchovu: "Hana kitu. Hajui tu. Lakini kadi yangu hairudi pale." Nikalia huku nimeng'ata shuka. Kesho yake kitongoji kizima kilikuwa kimechukua kadi zake, na droo ya kinyonga ilibaki tupu.

Katika hali hiyo ndipo Bwana Mifugo aliporudi, Alhamisi, na koti lake la safari mkononi. Wanawake kama kumi walikuwa barazani. Alipita mbele ya makabati, droo moja baada ya nyingine. "Kijivu changu kiko wapi?" akauliza. Nikamwambia. "Na kadi za droo hii tupu?" Nikamwambia hilo pia. "Kadi ikitoka ofisini, binti, hapana ofisi. Kuna nyumba yenye mabati tu." Alikuwa mtu wa sauti ya chini, na siku ile ndiyo mara ya pekee niliyomsikia akipiga kelele. Aliniita mchafuzi. Aliuliza mbele ya wote kama mjini nilifundishwa kazi au nilifundishwa kuchezea mali ya watu. Kisha akachukua msasa wangu mwenyewe, akapiga goti, akaanza kuisugua droo ya kengele, kwa nguvu, vumbi la njano likimwangukia kwenye suruali, mpaka chuma kikatoka. Sikuweza hata kukimbia. Nilisimama nikitokwa na machozi na kamasi mbele ya wanawake niliowachorea. Alipochoka akasimama. "Jumatatu," akasema. "Kadi zisiporudi, nasugua zote, na barua yako ya kurudi Njoro nimekwisha kuiandika."

Ijumaa nilipofungua ofisi yeye alikuwa ametangulia kwenda kwa wagonjwa wake wa kwato. Juu ya meza yangu, katikati kabisa, nilikuta jani la masale, yale majani marefu ya kijani yaliyopandwa mipakani mwa kila kihamba. Lilikuwa limefungwa fundo. Nikalitazama mbele na nyuma. Na mimi, fundi wa mabango wa miezi minane, nikaelewa mara moja: bosi ameniletea sampuli ya rangi. Amekubali kisichokuwa kijivu, alimradi kiwe kijani kama hiki, cha heshima, kisicho na mkia. Fundo nilidhani ni vidole tu, maana kuna watu hawawezi kushika jani wasilikunje. Nilifurahi mpaka nikaruka. Jumamosi asubuhi nilichanganya kijani na bluu na tone la nyeusi mara nane mpaka rangi ikafanana na jani lenyewe. Nilimfunika kinyonga kwa nyeupe, roho ikiniuma, kisha kwa kuwa droo tupu ya kijani ilinichosha macho, na kwa kuwa jani lilikuwa mbele yangu kama mtu aliyekuja kupigwa picha, nikalichora lenyewe, mshipa kwa mshipa, na fundo lake.

Nilikuwa namalizia ncha niliposikia mzigo wa majani ukianguka barazani. Mama Aminieli alikuwa mlangoni. Siku kadhaa tulikuwa hatujasemezana. Alisogea, akapiga magoti mbele ya droo, akaweka kidole karibu na fundo bila kuligusa. "Nani kakufundisha?" akauliza. "Hakuna. Bwana Mifugo aliweka jani mezani kwangu, nikajua anataka rangi hii." Alinitazama mdomo wazi, kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini sakafuni, khanga ikamfunguka kichwani, akajifuta machozi kwa mkono wenye majani. "Rangi! Mtoto wa Njoro, wewe! Rangi!" Alipopata pumzi ndipo akanieleza. Mchagga aliyemkosea mwenzake hamwendei kwa maneno mengi. Anachukua jani la masale, analifunga fundo, analipeleka. Na anayeletewa jani hilo, hata kama alikosewa mpaka damu, hana ruhusa ya kulikataa. "Bwana Mifugo amekufundisha kutuomba," akasema. "Na wewe umetuomba kwa jani lisilonyauka. Sasa sisi tutakataaje?" Akaniinua. Jioni nilikula jikoni kwake, bakuli la bluu limejaa hadi ukingo uliobanduka, na akanisimamia mpaka nikamaliza.

Jumatatu walikuja kwa mstari. Bado nawaona: wanawake wa kitongoji kile wakishuka na njia ya mfongo, ndoo za maziwa kichwani, kadi mikononi, Mama Aminieli mbele. Bwana Mifugo alikuwa amesimama barazani na msasa mezani karibu yake. Kila mwanamke aliingia, akainama, akatia kadi yake droo ya chini kwa zamu yake ya maji, wa kwanza wa mfereji kwanza, wa mwisho mwisho. Hakuna aliyekosea. Walipomaliza Mama Aminieli akamgeukia. "Bwana Mifugo, kadi zimerudi ofisini." Alikwenda mwenyewe kuitazama droo. Akainama, akafuata mishipa ya jani kwa kidole. "Fundo umelipatia," akasema, basi. Nilipomfuata kumuuliza kuhusu lile jani, alikuwa amekwisha vaa buti. "Tuna ng'ombe watatu wanaita," akasema bila kunitazama usoni, na sikuuliza tena. Wiki hiyo hiyo alinunua kopo dogo la njano kwa mfuko wake, akaliweka mezani. "Kengele haina mlio," akasema. "Irudishe." Niliirudisha, kubwa kuliko mwanzo.

Nyota alizaa kabla ya Krismasi. Ndama alitoka mbele kwa mbele, hakurudi nyuma hata kidogo, akasimama kabla mama yake hajamlamba vizuri. Alikuwa mtamba, na Mama Aminieli alimwita Rangi. Siku chache baadaye akaja mkaguzi kutoka wilayani, mtu mrefu mwenye faili kwapani, akasimama mlangoni kama aliyeingia nyumba siyo. "Hii ni ofisi au chekechea?" akauliza. Bwana Mifugo akafunga kalamu taratibu. "Rangi hizo niliagiza mimi," akasema, na macho yake hayakupepesa. Mkaguzi akasema haya, nipatieni kadi ya ng'ombe wa Mushi mwenye ndama mchanga. Nikafungua mdomo, lakini Mama Aminieli, ambaye alikuja kuiletea ofisi maziwa ya kwanza ya Nyota, alikuwa amekwisha inama. Droo ya chini, kabati la tatu. Kwa Elinami, kwa Ndeshi wa pili, kwangu. Akampa mkaguzi kadi, kwa mikono miwili, mwanamke ambaye hakuwahi kushika chaki, kabla yule bwana hajapata miwani yake mfukoni. "Ya Nyota," akasema. "Na ya Rangi nimeibandika nyuma." Mkaguzi aliisoma, akaigeuza, akaisoma tena, akaketi. Mwezi uliofuata nilipata barua ya ajira. Baada ya hapo ofisi mbili jirani ziliniita niwapakie rangi makabati yao, halafu shule, halafu zahanati, na leo nina karakana yangu Njoro, mlangoni nimechora jogoo mnene, na wasichana wanne ninaowafundisha kwanza kuuliza wenye kitu wanaogopa nini, ndipo wafungue kopo.

Hayo ndiyo niliyomweleza Tumaini kitandani kwa baba yake, na kama ninavyofanya kila harusi inaponikuta nimekaa na watu, niliyaeleza kwa kicheko: bosi kaleta jani, mimi nikachanganya rangi. Tumaini hakucheka. Aliinama, akavuta droo ya chini. Ndani kulikuwa na vitu viwili tu. Barua ya kunirudisha Njoro, imesainiwa, haikupelekwa popote. Na juu yake kipande cha msasa, kimekakamaa, vumbi la njano bado limeshika kwenye chembe zake. "Wiki iliyopita alinishika mkono," Tumaini akasema. "Akaniambia, akija Sifaeli, muulize kama alilipokea lile jani. Nikamwambia, Baba, jani gani? Akasema, nililompelekea nilipomsugulia kazi yake mbele za watu. Na yeye hakunijibu mpaka leo." 

Nilikaa pale na msasa mkononi. Mimi nilidhani ananipa rangi. Mama Aminieli alidhani ananifundisha kuomba. Kumbe aliyekuwa anaomba ni yeye, mtu mzima, bosi, asiyeweza kumwambia msichana wa miaka ishirini na mmoja neno samahani, na alinisubiri miaka yote hiyo, akilala ubavuni mwa jani lake. Nilihisi uchungu, na nisiseme uongo, nilihisi fahari pia, fahari kubwa, kwamba kulikuwa na siku moja mtu kama yule alinihesabu kuwa wa kuombwa radhi.

Tulipofika kaburini, pembeni ya migomba yake, nilichepuka hadi kwenye ua wa kihamba, nikakata jani la masale, nikalifunga fundo, safari hii nikijua ninachofanya, maana na mimi nilikuwa na la kuomba: nimechelewa kujibu. Mchungaji aliponiona nakuja akanipisha. Nikainama, nikaliweka juu ya jeneza, nikasema kwa sauti iliyowafikia hata wamenya ndizi kule nyuma, "Nililipokea, Bwana Mifugo. Nilidhani ni rangi." Wanawake wa kitongoji kile, wale waliobaki, walikuwa wa kwanza kucheka. Kisha Tumaini, kisha watu wote.